Chumvi ya pakiti, chumvi ya kopo, samaki au kidonge: madini joto tuyapate wapi?

Mdogo wangu ameolewa Mtwara, na ana mimba ya miezi miwili. Juzi alinipigia simu akitoka kliniki. "Dada, wameniambia nitumie chumvi yenye madini joto. Sasa huku chumvi inavunwa hapo hapo ufukweni, kuna mama anatuletea kwa kopo, safi kabisa. Na shemeji yako anasema samaki tunakula kila siku, madini gani tena tunayatafuta?"

Nilimjibu kwa kifupi kwamba anunue ya pakiti. Alipokata simu nikaona sijamtendea haki. Swali lake ni swali la watu wengi wa pwani, na la wengi walio bara pia, na linataka jibu lenye hesabu ndani yake.

Sisi wenyewe ni watu wa Njombe. Bibi yetu mzaa mama alikuwa na rovu. Alipokuwa akikaa mlangoni kuchambua maharage ungeliona limeshuka chini ya kidevu, kubwa kama embe dodo, na kila alipokwenda kanisani alilifunika kwa kitambaa hata jua likiwa kali. Akimeza chakula tulikuwa tunaliona linapanda na kushuka. Wanawake wa rika lake wenye hali hiyo walikuwa wengi kiasi kwamba sisi watoto tulidhani ndivyo bibi wanavyokuwa. Wazee walisema ni maji ya mto, na hawakuwa mbali sana na ukweli. Kwenye nyanda za juu mvua imeosha udongo kwa maelfu ya miaka na kuondoka na madini joto, yaani iodini. Mahindi, viazi na maharage yanayoota pale hayawezi kukupa kitu ambacho ardhi yenyewe haina.

Rovu ni sehemu inayoonekana tu. Tezi ya shingo, ambayo vitabu huiita dundumio, hutumia madini joto kutengeneza homoni zinazoendesha ukuaji na joto la mwili. Yakikosekana, tezi hutanuka ikijaribu kunasa hata yale machache yaliyopo. Madhara makubwa zaidi hutokea mahali tusipopaona, tumboni. Katika nusu ya kwanza ya ujauzito mtoto bado hajitoshelezi kwa homoni hizo, anategemea za mama. Mama akiwa na upungufu mkali, mimba inaweza kuharibika, mtoto anaweza kufa tumboni, au akazaliwa na ulemavu wa kudumu: hasikii, hasemi, miguu imekakamaa, akili haikukua. Upungufu wa wastani hauna sura. Mtoto anazaliwa mzima, anacheza, anakwenda shule, ila masomo yanamkalia kwa uzito ambao hakuna anayejua umetoka wapi. Tafiti zilizolinganisha jamii zenye upungufu mkubwa na jamii zisizo nao zilikuta pengo la karibu pointi 12 au 13 katika vipimo vya akili vya watoto. Hapo mwalimu anamwita mtoto mvivu, na mzazi anaamini.

Kiasi tunachokihitaji ni kidogo mno. Shirika la Afya Duniani linataja mikrogramu 90 kwa siku kwa mtoto aliye chini ya miaka 5, 120 kwa wa umri wa miaka 6 hadi 12, 150 kwa mtu mzima, na 250 kwa mjamzito na anayenyonyesha. Ukijumlisha haja ya mtu mzima kwa miaka 70 hupati hata gramu 4. Lakini huwezi kuzinywa zote siku moja ukamaliza kazi. Lazima ziwe zinaingia kidogo kidogo maisha yote, na ndiyo sababu tunazungumzia jikoni kabla ya kuzungumzia hospitali.

Chumvi ya kopo na chumvi ya pakiti

Hapa ndipo mdogo wangu aliponibana, kwa sababu hoja yake ina mantiki. Madini joto yako baharini, na chumvi ya kopo imetoka baharini. Kwa hiyo itakuwa nayo.

Tufanye hesabu. Lita moja ya maji ya bahari ina mikrogramu 50 hadi 60 hivi za madini joto, na ndani yake kuna takriban gramu 35 za chumvi. Tuchukulie kwamba maji yote yamekauka na hata chembe moja ya madini joto haikupotea. Kila gramu ya chumvi ingebaki na mikrogramu moja na nusu, au zaidi kidogo. Mtu mzima akila gramu 5 za chumvi hiyo kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, amepata mikrogramu 8 hivi. Anahitaji 150. Mjamzito anahitaji 250. Na hapo tumekuwa wakarimu, maana kwenye majaruba ya kuvunia, chini ya jua la miezi, mengi hayabaki.

Chumvi ya pakiti ni chumvi ile ile ya bahari, au ya chemchemi kama za Uvinza kule Kigoma, ila imeongezwa madini joto kiwandani. Chumvi ikiwa na miligramu 30 za madini joto katika kila kilo, kijiko kile kile cha gramu 5 kinakupa mikrogramu 150. Ni karibu mara ishirini ya ile ya kopo. Sijui niliweke wazi kuliko hapo.

Kama hesabu haitoshi, kuna Pemba. Kisiwa kimezungukwa na bahari pande zote na watu wake ni walaji wa samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta uvimbe wa tezi kwa asilimia 32 ya watoto wa shule waliopimwa Pemba, na asilimia 21.3 kwa wa Unguja. Kaya zilizokuwa na chumvi yenye madini joto zilikuwa asilimia 63.5 Unguja, na Pemba asilimia 1 tu. Bahari ni ile ile, samaki ni wale wale, chumvi ya jikoni ndiyo iliyotofautiana. Na kwa upande wa Bara, Lindi na Mtwara, mikoa inayovuna chumvi kwa wingi, imekuwa ikionekana nyuma mara kwa mara kwenye tafiti za kaya. Inaniuma kidogo kulisema hilo, lakini aliye karibu na jaruba ndiye anayekosa, kwa sababu chumvi yake haipiti kiwandani. Inatoka kwenye jaruba, inaingia kwenye gunia, inaishia kwenye kopo.

Sasa nisiisifie pakiti kupita kiasi, nayo ina kasoro zake.

Kwanza, punje si hoja. Kuna chumvi ya mawe iliyonyunyiziwa vizuri na kufungwa, na kuna chumvi laini nyeupe kama unga isiyo na kitu ndani. Angalia maandishi: yanasema ina madini joto au iodini? Kuna nembo ya shirika la viwango, iwe TBS ya Tanzania, KEBS ya Kenya au UNBS ya Uganda? Kuna jina la mzalishaji na tarehe? Chumvi iliyofungwa kwenye nailoni tupu isiyo na maandishi ni chumvi ya kopo iliyovaa koti.

Pili, kunyunyizia kwa mkono si sawa na kwa mashine. Wazalishaji wadogo hutumia bomba la kunyunyizia kama lile la dawa ya mimea, wakichanganya kwa koleo. Sehemu moja ya rundo inapata nyingi, nyingine inapata kidogo. Siwalaumu, kwani wanafanya kazi ngumu kwa faida ndogo. Lakini mnunuzi ajue kwamba pakiti mbili za jina moja zinaweza kutofautiana.

Tatu, na hili ni letu sisi wa jikoni, madini joto hupotea kwa unyevu, joto na mwanga. Nchi zetu hutumia potasiamu iodeti badala ya potasiamu iodidi kwa sababu hiyo, maana iodeti inastahimili zaidi hali ya hewa yenye unyevunyevu. Hata hivyo haistahimili kila kitu. Chumvi ikiachwa kwenye gunia lililo wazi mlangoni mwa duka wakati wa masika, au kwenye kopo lisilo na kifuniko juu ya jiko la mkaa, inaweza kupoteza sehemu kubwa ya madini yake kabla haijafika kwenye mboga. Kwa mama yangu mkebe wa chumvi ulikaa miaka yote kando ya mafiga, umelowa na kushikana, na ilibidi uvunje kwa kijiko. Siku hizi nimempelekea chupa ya kioo. Chumvi ikae mahali pakavu, ifunikwe, ichotwe kwa kijiko kikavu, na itiwe chakula kikikaribia kuiva.

Niliwahi kushuhudia kipimo chenyewe dukani. Afisa afya alimwaga chumvi kidogo kwenye kisahani, akadondosha tone moja kutoka kwenye kichupa chenye maji ya wanga. Chumvi ikageuka rangi ya wino wa samawati pale pale, tukashangaa wote. Akachukua ya gunia la pembeni, akadondosha tone. Ikabaki nyeupe. Muuza duka alikuwa akiziuza zote mbili kwa miaka na hakujua kwamba ni vitu viwili tofauti. Kipimo hicho hakikwambii kwa uhakika ni kiasi gani kimo, kinakwambia tu kama kimo au hakimo, lakini kwa mtu anayechagua dukani hilo ni jambo kubwa. Ukiwaona watu wa afya wanapita na kichupa, wapelekee chumvi yako.

Samaki, mwani na mihogo

Shemeji hajakosea kabisa. Samaki wa bahari wana madini joto, na kwa mjamzito wana faida nyingine nyingi, kwa hiyo waendelee kuwala. Tatizo ni kwamba kiasi kinatofautiana sana kati ya samaki na samaki, na hakuna anayejua wa leo kabeba ngapi. Samaki wa maziwa na mito wana kidogo zaidi, kwa hiyo wa Ziwa Viktoria au Tanganyika asijipe moyo kwa sababu ya sangara na migebuka. Na samaki mkavu aliyekaushwa kwa chumvi ya gunia anakupa chumvi nyingi isiyo na madini, ambayo inachukua nafasi ya ile nzuri.

Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa kuuza nje zaidi kuliko wa kula. Mwani wa nchi nyingine unaouzwa kwa vidonge una shida ya kinyume, maana baadhi ya aina zimejaa madini joto kupita kiasi. Si kitu cha kumpa mjamzito kwa kukadiria.

Kwa wa kusini kuna jambo la kuongeza. Mihogo, hasa ile michungu, ina sumu ambayo isipotolewa vizuri hubadilika mwilini na kuizuia tezi kunasa madini joto. Kwenye kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, watafiti wa miaka ya 1960 walikuta rovu limeenea sana upande wa kaskazini na kidogo upande wa kusini magharibi, ingawa pande zote mbili zilikuwa na upungufu wa madini joto. Baadaye mihogo ikaonekana kuwa sehemu ya jibu. Hii haina maana tuache ugali wa makopa. Ina maana mihogo iloekwe na kukaushwa kama walivyotufundisha wazee, bila kuharakisha, na chumvi yenye madini joto iwepo mezani.

Chumvi ya pinki na magadi

Chumvi ya Himalaya ni ghali, ni nzuri kwa picha, na kwa suala hili haina msaada kama haikuongezwa madini joto. Magadi ni ya kulainishia maharage. Hayachukui nafasi ya chumvi.

Ndugu zetu walio Uingereza wajue pia kwamba chumvi nyingi za madukani kule hazina madini joto. Watu huyapata zaidi kwenye maziwa na samaki, kwa hiyo aliyehamia maziwa ya shayiri au lozi asome lebo. Marekani zipo za aina zote mbili kwenye rafu moja.

Kidonge

Kidonge kina historia yake kwetu, na bibi alikipata. Kuanzia mwaka 1986 Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya 27 zilizoathirika zaidi. Dozi moja kubwa huhifadhiwa mwilini na kutumika taratibu kwa muda mrefu. Ushahidi wa kitu cha aina hiyo ulikuwa umepatikana Papua New Guinea, ambako sindano za mafuta yenye madini joto, walizochomwa wanawake kabla ya kushika mimba, zilizuia watoto kuzaliwa na ule ulemavu mkali.

Ukilinganisha kidonge na chumvi, kidonge kina haraka na kinafika mahali ambapo chumvi nzuri haijafika. Lakini kinahitaji gari, mafuta, orodha ya watu na fedha kila mzunguko, na mizunguko ya Tanzania ilichelewa mara nyingi. Kuna watafiti waliosema mwaka 2009 kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati wa ugawaji walisoma zaidi shuleni, hasa wasichana. Wengine walirudia hesabu zile mwaka 2020 wakakuta matokeo hayasimami imara. Mimi nalitaja hilo kwa sababu sitaki kumuuzia mtu kidonge kwa ahadi kubwa kuliko ushahidi. Kwamba mtoto tumboni anahitaji madini joto, hapo hapana mzozo.

Chumvi haihitaji kampeni kila mwaka. Inanunuliwa hata na asiyejua kusoma, kila kaya, kila wiki. Uswisi walianza mwaka 1922, na Tanzania ilianza mapema miaka ya 1990. Uvimbe wa tezi kwa watoto wa shule wa Bara ulikuwa karibu asilimia 25 katika miaka ya 1980. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulikuta asilimia 6.9, na chumvi yenye madini joto ikiwa katika asilimia 83.6 ya kaya. Hayo ni mafanikio makubwa kweli. Lakini tafiti za muongo uliofuata zilionyesha takriban kaya 6 tu kati ya 10 zikiwa na chumvi yenye kiasi kinachotosha, wakati lengo la dunia ni zaidi ya 9 kati ya 10. Kazi hii haina siku ya kumalizika, kwa sababu ardhi ya Njombe haitarudishiwa kilichooshwa.

Vipi yakizidi?

Hili nimeulizwa na mama, na ni swali la haki. Miaka ya 1990, chumvi yenye madini joto ilipoingia kwa nguvu Kivu na Zimbabwe, baadhi ya watu walipata ugonjwa wa tezi kufanya kazi kupita kiasi: moyo kwenda mbio, kukonda, mikono kutetemeka. Wengi walikuwa watu wazima wenye rovu la siku nyingi lenye vinundu, ambao tezi yao ilizoea njaa na ghafla ikapewa karamu. Somo lililopatikana ni kwamba kiwango cha kiwandani kisimamiwe, kisiwe chini wala juu, na Shirika la Afya Duniani likakitaja kuwa miligramu 20 hadi 40 kwa kilo, kutegemea kiasi cha chumvi ambacho watu hula.

Kwa hiyo mzee mwenye rovu la zamani asijinunulie matone au vidonge vya mwani. Aende hospitali apimwe. Chumvi ya kawaida ya pakiti kwa kiasi cha kawaida ni jambo jingine, na kwa familia nzima faida yake inazidi hatari hiyo kwa mbali sana.

Na mwenye shinikizo la damu? Apunguze chumvi kama alivyoambiwa. Kiwango cha juu kinachopendekezwa ni gramu 5 kwa siku, na hesabu yetu ya mwanzo ilitumia hizo hizo 5. Hakuna anayekuomba ule chumvi nyingi zaidi. Tunachoomba ni kwamba ile kidogo unayokula iwe yenye madini.

Basi kwa mdogo wangu nimeshauri hivi. Anunue ya pakiti yenye nembo, pakiti ndogo inayokwisha mapema, aihifadhi kwenye chupa. Samaki aendelee nao. Kwa kuwa haja yake sasa ni 250, na kijiko kimoja cha chumvi hakifiki hapo, amuulize mkunga kama atahitaji nyongeza, na amwambie kabisa kwamba kwa miaka miwili amekuwa akipikia chumvi ya kopo. Asingoje tumbo lionekane, maana miezi inayohesabika zaidi ndiyo hii.

Jana akanipigia tena. Pakiti ameshanunua, na shemeji ameielewa ile hesabu ya lita moja ya maji, akaanza kuwasimulia wenzake. Ila alikuwa anamwonea haya yule mama wa kopo. Nikamwambia asimkwepe, amweleze. Akamweleza. Mama akanyamaza kidogo, akasema naye ana binti anayetarajia, kisha akauliza hiyo dawa ya kunyunyizia inapatikana wapi. Nimemwelekeza aanzie kwa afisa lishe wa wilaya, yeye na wenzake wanaovuna jaruba moja, waende pamoja.